Samaki Hawaumi, Mshipi Unakatika: Utatuzi wa Matatizo ya Kuvua kwa Fimbo

Anayeanza kuvua kwa fimbo na rili, kile kifaa cha kukunjia mshipi, kando ya Ziwa Victoria hulilaumu ziwa kwanza. Maji yamechafuka, samaki wamehamia visiwani, wenye makokoro wamewamaliza wote. Baadhi ya hayo yana ukweli. Lakini mwombe akuonyeshe mita moja ya mwisho ya mshipi wake, na mara nyingi jibu utalikuta hapo: ndoana butu, ndoana kubwa kuliko mdomo wa sato, fundo lililokazwa likiwa kavu, au nyungunyungu aliyechomwa sehemu moja tu na mwili wote ukabaki nje.

Kwa hiyo hapa tunakwenda kwa mpangilio mmoja. Kagua ndoana, kisha fundo, kisha mshipi, kisha rili, na ziwa liwe la mwisho kushtakiwa. Matatizo yenyewe ni yale yanayorudiwa na wanaoanza, wawe Mwanza, Musoma, Bukoba, Kisumu au Homa Bay. Mwishoni kuna sehemu ya wanaovua trauti kwenye mito ya baridi ya Kenya, na ya ndugu zetu walio Marekani na Kanada wanaomtafuta salmoni.

Kabla ya yote, kibali. Kuvua kwa kujifurahisha nako kunasimamiwa na sheria: Tanzania ni Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, Kenya ni sheria ya uvuvi ya mwaka 2016. Mwone afisa uvuvi wa wilaya, au uongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, kwenye mwalo ulio karibu nawe, uulize leseni na maeneo yaliyofungwa. Upande wa Tanzania sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya sentimita 50 hawaruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo beba tepu ya kupimia pamoja na ndoana zako.

Umekaa muda mrefu na kiboya hakitikisiki

Sababu inayoongoza ni kina. Chambo kinaelea katikati ya maji, samaki wanakula chini. Pima: funga risasi nzito kwenye ndoana na urushe pale unapotaka kuvua. Kiboya kikizama chote, kina ni kikubwa kuliko ulivyokadiria, kipandishe kwenye mshipi. Kikilala ubavu, umekipandisha mno. Endelea kurekebisha hadi kisimame wima ncha ikionekana kidogo, kisha ondoa ile risasi na uteremshe kiboya kiasi cha kiganja kimoja. Sasa chambo kinakaa juu kidogo ya tope, na hapo ndipo sato anapopita.

Sababu ya pili ni wewe mwenyewe kuonekana na kusikika. Anayesimama juu ya jiwe kwenye maji ya kina kifupi, jua likiwa mgongoni, anatupa kivuli chake juu ya samaki. Rudi nyuma hatua kadhaa, kaa chini, usiburute ndoo kwenye mawe.

Tatu, saa. Jua la utosi si wakati wa anayejifunza. Alfajiri hadi jua linapoanza kuchoma, na jioni kuanzia linapolegea, ndizo saa zenye matumaini. Sangara hasa huwinda mwanga ukiwa hafifu.

Nne, chambo chenyewe. Sato hula mwani, viluwiluwi vya wadudu na masalia ya chini, kwa hiyo kipande kikubwa cha nyama hakimhusu. Mpe nyungunyungu, au tonge la ugali lililokandwa likawa gumu kiasi cha kutobomoka majini. Ukitupa pumba iliyoloweshwa, kidogo kidogo, mahali pamoja, unamkusanya. Usimwage ndoo nzima, utamshibisha. Sangara ni habari nyingine: huyu anameza samaki wenzake na uduvi, kwa hiyo anataka dagaa mzima, furu, au chambo bandia kinachometa na kutembea. Kambare huongozwa na harufu, naye anapenda usiku na sakafu ya tope. Maini na matumbo ya kuku yanamvuta vizuri.

Kuna hali moja ambayo huwaumiza sana wageni roho. Unawaona sato wakubwa kwa macho yako, kwenye maji ya kufika magotini, wamesimama juu ya vishimo vya mviringo kwenye mchanga, na hawagusi chochote. Hao wanazaa. Dume analinda kishimo chake, na jike akishataga huyachukua mayai kinywani na kuyaatamia humo humo hadi vifaranga waweze kujitegemea, na muda huo hali. Hakuna chambo cha kuwarekebisha, wala hupaswi kukitafuta. Jike mmoja unayemchomoa hapo anaondoka na kinywa kizima cha vifaranga. Hamia sehemu nyingine ya ufukwe uwaache.

Ikiwa yote hayo yako sawa, ndipo uyatazame maji. Kuanzia Juni hadi Agosti pepo za kusi hulikoroga ziwa, na maji ya chini yasiyo na hewa ya kutosha huweza kupanda juu. Samaki huhama, au huonekana wakihema usoni pa maji. Nyakati nyingine maji hufunikwa na utando wa kijani unaonuka. Acha kuvua hapo. Utando huo unaweza kuwa na sumu, kwa hiyo usinawe wala usinywe maji hayo, na usiruhusu mbwa wako ayanywe. Samaki wanaoelea wamekufa si wa kuokota, hata wakionekana wabichi. Mjulishe afisa uvuvi, kwa sababu vifo vya samaki kwa wingi vinahitaji mtu wa kuyapima maji.

Kiboya kinacheza, chambo kinaisha, samaki hupati

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo penye utatuzi rahisi kuliko yote.

Kwanza tazama ukubwa wa ndoana. Namba za ndoana huchanganya: kadiri namba inavyopanda, ndoana inapungua, ila zile zenye mkwaju na sifuri, kama 2/0 na 4/0, hukua kadiri namba ya mbele inavyopanda. Kwa sato tumia namba 8 au 10. Ndoana ya 2/0 ambayo muuzaji amekupa "kwa samaki wote" ni ya sangara, sato ataonja chambo pembeni yake hadi kiishe.

Pili, makali. Shika ndoana, weka ncha yake juu ya ukucha wa dole gumba na uiburute taratibu bila kuikandamiza. Ikiganda na kuacha mkwaruzo mwembamba mweupe, ni kali. Ikiteleza juu ya ukucha, haitaingia kwenye mdomo wa samaki. Inoe kwa tupa ndogo ukielekea nchani, au ibadilishe. Fanya jaribio hilo kila baada ya ndoana kugonga jiwe. Ni kazi ya sekunde chache, na kwa maoni yangu ndiyo tabia inayomtenganisha mvuvi na mtu aliyeshika fimbo.

Tatu, namna ya kuvika chambo. Nyungunyungu aingizwe ndoana mwilini kama soksi inavyovaliwa mguuni, ncha itokeze kidogo tu mwishoni, na mkia unaoning'inia usizidi urefu wa kucha. Ukiacha mkia mrefu, samaki anauvuta huo mkia anauondoa.

Nne, huenda si sato. Kwenye mawe na kandokando ya matete kuna furu wengi wadogo, na kazi yao ni kudonoa. Dalili yao ni kiboya kutetemeka harakaharaka bila kuzama. Unaweza kuhama mita kadhaa kutoka kwenye mawe, au ukakaza ugali uwe mgumu zaidi. Ukitaka kuwavua hao furu wenyewe, ndoana ishuke hadi namba 14.

Mwisho ni mkono. Mgeni huvuta kiboya kikitikisika tu. Subiri kizame au kianze kutembea upande mmoja, punguza ulegevu wa mshipi, kisha inua ncha ya fimbo kwa mkono thabiti. Kuinua tu kunatosha, usiitupe fimbo nyuma ya bega.

Samaki ameshika, kisha anachomoka njiani

Sababu ya kwanza ni mshipi kulegea. Sangara akifika juu hufungua kinywa na kutikisa kichwa, wakati mwingine anaruka nje ya maji kabisa, na ndoana isiyovutwa hudondoka. Fimbo ibaki imepinda muda wote. Akikujia mbio, zungusha rili haraka au rudi nyuma.

Ya pili ni breki ya rili iliyokazwa mno. Breki ni kile kirungu cha mbele au cha nyuma ya rili kinachoamua mshipi utoke kwa nguvu gani. Kipimo kinachofaa ni robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kama mshipi ni wa kilo 6, breki iachie kwenye kilo 1.5 hadi 2. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza, vuta kupitia fimbo, soma. Ukipima nyumbani kabla hujatoka hutahangaika ukingoni, kwa sababu samaki mkubwa akishashika hakuna muda wa kubahatisha.

Ya tatu ni mwisho wa pambano. Samaki wengi hupotea wakiwa mita moja kutoka mkononi kwa sababu mvuvi anawanyanyua kwa mshipi. Majini sangara wa kilo 5 hana uzito. Ukimnyanyua hewani, uzito wote unaangukia tundu dogo mdomoni. Tumia kimia chenye mpini. Kitangulize majini, mvute samaki aingie juu yake, kisha unyanyue. Usimkimbize samaki kwa kimia.

Mshipi unakatika

Usiutupe mshipi uliokatika. Shika ile ncha, itazame kwenye mwanga, ipitishe kati ya vidole. Ncha hiyo inakuambia kosa liko wapi, na hakuna mahali pengine pa kulijua kwa uhakika zaidi.

*Ncha imejikunja mithili ya mkia wa nguruwe.* Fundo limeteleza likafunguka. Hii ndiyo inayoonekana mara nyingi zaidi kwa wanaoanza. Funga hivi: pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana, uzungushe kwenye mshipi mkuu mara tano au sita, rudisha ncha kwenye kitanzi kidogo kilicho jirani na tundu, halafu uipitishe tena kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Sasa lilowe kwa mate kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu hujisugua, hupata joto, na hudhoofika palepale fundoni. Vuta polepole hadi mizunguko ikae imepangana, kisha ukate ncha ukiacha milimita mbili tatu. Likikaa vibaya, kata ufunge upya. Fundo bovu halitengemai kwa kuongezewa fundo jingine juu yake.

*Ncha imekatika karibu kabisa na ndoana, lakini haijajikunja.* Fundo liliungua kwa joto wakati wa kukazwa, au tundu la ndoana lina ukingo mkali. Pitisha mshipi mpya ndani ya tundu hilo mbele na nyuma. Ukikwaruzika, ndoana hiyo haifai.

*Ncha ina vinyweleo na sehemu ya juu yake ni ya kukwaruza.* Mshipi umesuguliwa na jiwe, mti uliozama, au mdomo wa sangara. Sangara hana meno ya kukata. Mdomo wake uko kama msasa na unasugua taratibu. Kwa huyo, mbele ya ndoana funga kipande cha nailoni nene cha nusu mita hadi mita moja, ya kilo 25 hadi 40. Waya hauhitajiki Victoria. Ukivua Tanganyika au Rufiji, ambako kuna samaki wenye meno marefu ya kukata, hapo waya ni lazima.

*Ncha imenyooka, nyeupe, imekuwa nyembamba.* Mshipi umevutwa kupita uwezo wake. Rudi kwenye breki.

*Unakatika ovyo, mahali tofauti kila mara, hata ukiuvuta kwa mikono.* Umezeeka. Jua huua nailoni, na rili iliyokaa mwaka mzima dirishani au juu ya paa la gari ina mshipi wa kutupwa. Badilisha wote, na uliozeeka urudi nao nyumbani ukaukatekate. Nailoni iliyoachwa ufukweni hufunga miguu ya ndege na kuwaua taratibu, na wanaoiona ni wale wanaorudi kesho yake.

Kama mshipi ni mpya na bado unakatika mbali na ndoana, kagua pete za fimbo. Zungusha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo ni kisu. Pete ya nchani ndiyo inayoharibika zaidi, na kwa kawaida huweza kubanduliwa kwa moto mdogo na kubandikwa nyingine kwa gundi. Fimbo yenyewe ikiwa na ufa, hata wa unywele, acha kuitumia. Fimbo za kaboni hupasuka ghafla, na vipande vyake ni vikali.

Mshipi unajifunga mafundo kwenye rili, au haufiki mbali

Anza na kiasi cha mshipi kwenye bobini. Ukiujaza hadi ukingoni, unamwagika kwa mizunguko mingi pamoja na kufanya kiota. Ukiwa kidogo mno, unasugua ukingo na kurusha kunakuwa kufupi. Acha milimita 2 au 3 kutoka ukingoni.

Kinachofuata ni ule waya wa rili unaoufungua kabla ya kurusha. Baada ya kurusha, ufunge kwa mkono badala ya kuzungusha mpini ili ujifunge wenyewe, kisha vuta mshipi kidogo kwa vidole hadi ukaze. Hatua hiyo ndogo huondoa sehemu kubwa ya mafundo.

Ikiwa mshipi ukilegezwa tu unajisokota wenyewe, umepata msokoto. Kama chambo chako bandia huzunguka majini, weka kiungo cha kuzunguka mbele yake. Na uache kuzungusha mpini wakati samaki anavuta mshipi kutoka kwenye breki, kwani kila mzunguko hapo huongeza msokoto. Kuuondoa, ukiwa kwenye mtumbwi ondoa ndoana na risasi, achia mshipi mtupu nyuma ya chombo mita hamsini hivi, uuburute dakika chache, kisha uukunje ukiwa umekazwa kati ya vidole.

Rili ikinguruma au mpini ukiwa mzito, ina mchanga. Ifute kwa kitambaa chenye maji safi, usiitumbukize. Tone la mafuta ya cherehani kwenye mhimili wa mpini na kwenye kizungusho cha mshipi linatosha. Ikiwa bado inasaga, usiifungue ukiwa ufukweni. Ndani kuna springi na pini ndogo zinazoruka na kupotea kwenye mchanga. Mpelekee fundi.

Ndoana inanasa chini kila unaporusha

Umechagua mahali pa mawe, au risasi yako ni nzito kuliko inavyohitajika. Punguza risasi, inua chambo kwa kiboya, au hama. Ikishanasa, legeza mshipi kabisa, tembea upande wa pili wa pale iliponasa, uvute kutoka huko. Ikigoma, elekeza fimbo moja kwa moja kwenye mshipi ili isipinde, zungushia mshipi kwenye kipande cha mti, geuza uso, na uvute ukirudi nyuma. Usizungushe mshipi kwenye kiganja, utakukata hadi kwenye mfupa. Wala usiingie majini kuifuata. Ndoana ni bei ya soda, na ukingoni mwa Ziwa Victoria kuna mamba na kuna kichocho.

Na risasi ndogo zinazobanwa kwenye mshipi zibane kwa koleo, kamwe si kwa meno. Risasi ni sumu, na kwa watoto ni mbaya zaidi.

Umeumia

*Ndoana imeingia mwilini.* Kata mshipi kwanza ili hakuna kinachoivuta. Ikiwa ncha tu imechoma na ule mwiba wa kurudi nyuma haujapita ngozi, itoe kwa njia ileile iliyoingilia, osha kwa sabuni na maji mengi safi. Ikiwa mwiba umezama, au ndoana iko usoni, shingoni, kwenye kiungo cha kidole au karibu na mshipa wa damu, iache ilipo na uende kituo cha afya. Ikiwa ni kwenye jicho au kope, usiiguse, usikandamize. Funika kwa kikombe safi kisichogusa jicho na uwahi hospitali. Hata kwa jeraha dogo uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Wanaovua mara kwa mara na watoto wangefanya vyema kuuminya kabisa kwa koleo ule mwiba wa ndoana. Utapoteza samaki wachache, na ndoana itatoka kwa urahisi kwa samaki na kwa mtoto.

*Umechomwa na mwiba wa samaki.* Gogogo ana miiba mitatu yenye meno, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, naye huisimamisha na kuifunga hivyo. Kambare ana miwili ubavuni. Maumivu ni makali. Osha, tumbukiza sehemu hiyo kwenye maji ya moto kiasi cha kuvumilika bila kuungua kwa nusu saa au zaidi. Kipande cha mwiba kikibaki ndani, au uvimbe ukiendelea kupanda, au homa ikianza, nenda zahanati. Kamongo hana miiba ya kuogopwa, lakini taya zake ni za kuvunjia makombe. Usiingize kidole kinywani mwake kutafuta ndoana. Kata mshipi.

*Ngozi inawasha baada ya kusimama majini, na wiki kadhaa baadaye kuna homa, tumbo, au damu kwenye choo.* Fikiria kichocho. Vimelea hutoka kwa konokono wa kwenye majani ya ukingoni na kupenya ngozi isiyo na hata mkwaruzo. Mwambie mhudumu wa afya kwamba ulisimama ziwani, akupime. Dawa yake ipo.

Mambo ya kufunga fimbo na kuondoka papo hapo

Ngurumo ikisikika, umeshachelewa. Fimbo ya kaboni inapitisha umeme na wewe umesimama mahali pa wazi kando ya maji. Ilaze chini, ingia kwenye nyumba au gari, na usirudi hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hujijenga usiku na kupiga kabla ya mapambazuko, saa zilezile ambazo mgeni anataka kusukuma mtumbwi ili awahi. Upepo wa baridi wa ghafla na wingu jeusi lililoshuka ni amri ya kurudi nchi kavu. Jaketi okozi livaliwe tangu mwanzo, maana majini hutapata nafasi ya kulitafuta.

Kiboko huenda malishoni jioni na kurudi majini alfajiri. Ukiona njia pana iliyokanyagwa kutoka majini kwenda majanini, usikae juu yake wala usisimame kati ya mnyama na ziwa. Mamba akionekana mara moja mahali fulani, mahali hapo si pa kuvulia tena kwa miguu, hata kama wenyeji wanateka maji. Wajulishe viongozi wa kijiji na mamlaka ya wanyamapori, TAWA kwa Tanzania au KWS kwa Kenya. Kumfukuza si kazi yako.

Mito ya baridi: trauti anakimbia, salmoni anakudharau

Trauti aliletwa Kenya mwaka 1905 na kuwekwa kwenye mto Gura wa milima ya Aberdare, na hadi leo mito ya huko na ya Mlima Kenya ina uzao wake. Wengi walipandikizwa kutoka kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri.

Lalamiko ni moja: unamwona, unarusha, anapotea. Karibu kila mara umemjia kutoka upande wa juu wa mto. Trauti hutazama maji yanakotoka, akisubiri chakula kiletwe na mkondo, kwa hiyo mjie kutoka chini, nyuma yake, ukiwa umeinama. Ikiwa hilo limerekebishwa na bado hapatikani, tumia mshipi mwembamba zaidi na inzi wa bandia mdogo zaidi. Ikiwa ni mchana wa kiangazi na maji yamepata joto, panda mto juu zaidi; trauti hataki maji yaliyozidi nyuzi 20. Uliza masharti kabla ya kwenda, sehemu nyingi ni hifadhi.

Salmoni ni wa ukoo huohuo, lakini hayupo Afrika Mashariki. Aliye Washington, Oregon au British Columbia atakutana na hali ya kukatisha tamaa kuliko zote: mto umejaa samaki, wanaruka mbele yake, na hakuna anayeuma. Sababu yake kuu haina uhusiano na ufundi wako. Salmoni hukua baharini, na akishaingia mtoni kwenda kuzaa huacha kula. Humtegi kwa njaa. Anauma kwa hasira, au kwa mazoea ya zamani, chambo kikipita karibu na pua yake. Kwa hiyo kipitishe chini kabisa, polepole, mstari uleule mara nyingi, kisha ubadili rangi. Alfajiri inasaidia, na siku chache baada ya mvua, mto ukiwa umepanda kisha ukaanza kusafika, samaki wapya kutoka baharini ndio wepesi zaidi kuuma.

Ukimnasa ubavuni au mkiani, hesabu hajavuliwa. Sehemu nyingi ni kosa kumbakiza, mwachie. British Columbia ndoana ya salmoni haitakiwi kuwa na mwiba wa kurudi nyuma. Washington na Oregon, mara nyingi unaruhusiwa kubaki na yule tu aliyekatwa pezi dogo la mafuta lililo kati ya pezi la mgongo na mkia. Hiyo ni alama ya waliozalishwa kituoni. Mwenye pezi hilo ni wa asili, na kwenye mito mingi anarudishwa majini bila kutolewa nje. Kanuni hubadilika mto kwa mto, hata katikati ya msimu, kwa hiyo soma za siku hiyo, ujaze kadi ya kuandikia samaki uliowavua palepale ukingoni.

Maji yenyewe yana baridi ya kukata pumzi. Suruali ya mpira ya kuingilia majini ifungwe mkanda kiunoni, la sivyo ukianguka itajaa. Usiingie peke yako, na usivuke mahali ambapo hukioni unachokanyaga. Ukisombwa, lala chali, miguu itangulie mbele, pepea kwa mikono kuelekea ukingoni, na aliye nchi kavu apige 911 badala ya kurukia majini kukufuata.